Bweni la Wasichana: Tuliyojifunza kwa Masista

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati katika hafla ya changizo ya mwaka huu. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)

   

Kamati ilipokaa kupanga jioni hii, tulikubaliana kwamba safari hii tusianze na bakuli. Miaka yote tunaanza na bakuli, watu wanataja ahadi, tunapiga makofi, tunakula pilau, tunaondoka. Mwaka huu tulitaka kwanza tuulizane jambo moja: bweni hili la wasichana tunalolijenga pale sekondari ya kata, wazo lake lilitoka wapi? Nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba msichana akitaka kusoma, apewe kitanda, taa na mlango unaofungwa?

Jibu linatupeleka kwa masista. Tunajua kwamba humu ndani wamo Waislamu, wamo Walutheri, na wamo ambao Jumapili wanamtembelea shemeji. Hatukuja kuhubiri. Lakini huku kwetu kusini, ukifuata nyayo za elimu ya mtoto wa kike, hata ukianzia wapi utafika kwenye nyumba ya watawa. Kwa hiyo tuisimulie habari hiyo kama ilivyokuwa, utamu wake na uchungu wake.

Habari inaanzia pwani. Mwaka 1860, mapadre wachache kutoka kisiwa cha Réunion waliteremka Unguja wakiwa na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilikuwa changa. Lilianzishwa Réunion mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, na tangu mwanzo liliwapokea pamoja wanawake wa Kizungu na wanawake waliokuwa wametoka utumwani. Unguja waliyoikuta bado ilikuwa na soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Watoto wa kwanza wa masista hao walikuwa wasichana waliokombolewa, watoto waliotembezwa kutoka bara, pengine kutoka pande zetu hizi za Ziwa Nyasa na Ruvuma, hadi baharini. Mwaka 1868 misheni ikafunguliwa Bagamoyo, na huko nako masista wakawa na upande wa wasichana.

Walifundishwa nini? Kusali, kusoma kidogo, kushona, kufua, kupika na kulima. Wakishakua waliozwa kwa vijana waliolelewa upande wa pili wa misheni, wakapewa nyumba na shamba. Hatuna haja ya kupamba. Msichana yule hakuulizwa sana anataka kuwa nani. Lakini jana yake alikuwa bidhaa yenye bei, na leo ana jina, ana mahali pa kulala, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia usiku kumchukua. Shule ya masista katika nchi hizi ilianza hivyo. Kitanda salama kilitangulia, na kitabu kikafuata.

Huku kwetu njia ilikuwa ya miiba zaidi. Wabenediktini wa Ujerumani walifika Pugu mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya pwani, kituo chao kilishambuliwa na sista mmoja aliuawa pamoja na mabradha wawili. Wakajipanga upya Dar es Salaam. Mwaka 1898 Padre Cassian Spiss akafungua Peramiho, na kutoka hapo misheni zikapanda hadi kwetu milimani. Kisha ikaja Majimaji. Agosti 1905, Spiss, ambaye alikuwa sasa askofu, aliuawa njiani katika nchi ya Liwale akiwa na mabradha wawili na masista wawili, Felicitas na Cordula. Walikuwa safarini kwenda Peramiho. Mwezi uliofuata Peramiho nayo ikachomwa.

Wazee wetu hawakusimulia habari hiyo upande mmoja, na sisi tusiisimulie hivyo. Februari 1906 wakubwa wa Wangoni walinyongwa Songea mjini, Nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwa waliouawa wakati huo. Jeshi la Wajerumani lilichoma maghala na mashamba, na njaa iliyofuata ilimaliza watu wengi kuliko risasi. Watoto waliobaki bila baba wala mama walikuwa wengi. Masista waliporudi kujenga tena, wengi waliowapokea walikuwa watoto wa vita hiyo. Basi bibi zetu waliingia shuleni kupitia mlango wa msiba. Watu waliowapa kitanda walikuwa wa taifa moja na watu waliochoma maghala ya baba zao. Tusiifiche habari hiyo kwa sababu tu sisi wajukuu tumefaidika.

Nyumbani, wazo la kumpeleka binti kwa masista halikupokelewa kwa vigelegele. Fikirieni hesabu ya baba wa wakati ule. Binti alikuwa mkono wa jembe, mlezi wa wadogo zake, na mahari ya kaka yake. Milimani kwetu ngolo hazijilimi zenyewe. Kuzifunika na kuzipanda ni kazi ya wanawake. Kumtoa binti miaka minne ni kupoteza misimu minne. Tena akirudi, anajua kusoma barua, na mume ambaye hajui kusoma atamtaka wa nini? Ndiyo maana shule hizo mwanzoni zilijaa yatima, na mabinti wa makatekista na walimu. Masista wenyewe walijua kazi yao ilivyoonekana: kuandaa wake wema kwa wanaume waliosoma. Sindano ilipewa saa nyingi kuliko hesabu.

Jambo ambalo wengi hawakulitarajia ni kwamba baadhi ya mabinti wale hawakurudi nyumbani kuolewa. Waliomba kuwa masista wenyewe. Kwa wazazi hilo lilikuwa pigo. Binti asiyeolewa wala kuzaa, ukoo utasema nini? Wapo waliokwenda kuwavuta mabinti wao kwa nguvu warudi. Lakini hatua hiyo ndiyo iliyobadili kila kitu, kwa sababu sista Mwafrika hakuwa mgeni anayesubiri meli ya kurudi kwao. Alijua lugha ya mama wa mtoto, akajua na jinsi ya kukaa jikoni na mama huyo hadi akubali kumwachia binti.

Uganda, shirika la Bannabikira lilianza mwaka 1910. Mwaka 1923, Mama Kevin, Mfransisko kutoka Ireland aliyefika Nsambya mwaka 1903, alianzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1942 ikafunguliwa shule ya wasichana ya Namagunga ambayo mpaka leo Waganda wanaitaja kwa heshima. Kwetu, mwaka 1938, wakaanza Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, wale wa Chipole.

Hapo Chipole tusimame kidogo. Mnakumbuka miaka ile ambayo Songea ilitegemea majenereta ya dizeli, umeme ukikatika kila siku hadi mashine za kusaga zikawa mapambo? Masista wa Chipole walijenga mtambo wa maji pale Tulila, kwenye mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, na mwaka 2015 wakaanza kuuza umeme kwa TANESCO, miaka michache kabla gridi ya taifa haijafika. Mabinti ambao watu walisema wamepotea, hawana mume wala mtoto, ndio waliokuja kuwasha taa za mji. Yule aliyepanga ratiba ya sindano na kufua, tungependa kumwonyesha mtambo ule.

Tuvuke mpaka tena, kwa sababu mfano mwingine unatugusa kwa namna ya pekee. Nyeri, nchini Kenya, palikuwa na msichana wa kijiji aliyebaki nyumbani kumsaidia mama yake wakati kaka zake wakienda shule. Siku moja kaka yake akamwuliza mama: kwa nini huyu naye haendi shule kama sisi? Mama akafikiri, akaona hakuna sababu. Msichana akaanza shule ya kijiji, na alipofika umri wa miaka 11 akapelekwa bweni la Mtakatifu Cecilia, kwenye misheni ya Mathari ya masista wa Consolata. Ilikuwa miaka ya vita vya Mau Mau, vijiji vikiwaka moto. Ndani ya ua wa masista aliendelea kusoma. Akaenda Loreto Limuru, akamaliza mwaka 1959, na mwaka 1960 akapata nafasi kwenye chuo cha masista Wabenediktini huko Kansas, Marekani. Jina lake Wangari Maathai. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuipata.

Mama huyo huyo aliandika pia upande mwingine. Bwenini, mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya mama yake alivishwa alama ya aibu, akaivaa hadi apatikane mwingine wa kumpa. Aliwashukuru masista maisha yake yote, na bado alilisema hilo wazi kwamba ni kumfundisha mtoto kudharau kwao. Baadhi ya mama waliomo humu ukumbini wanacheka, kwa sababu wameivaa alama hiyo kwa mikono yao. Tuliwauliza wakati tunaandaa maneno haya: mngependa mabinti zenu wasome vile? Mmoja akajibu, “Kengele naitaka, taa naitaka, sista wa kutukagua usiku namtaka. Kile kibao cha shingoni wabaki nacho.” Kamati imeyachukua maneno hayo kama sera.

Karibu na Uhuru, shule za masista zilikuwa zimeanza kutoa wasichana wa sekondari. Morogoro, masista wa Maryknoll kutoka Marekani walifungua Marian College mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo mnaijua kwa jina la Kilakala. Jina lilibadilika kwa sababu mwaka 1969 ilipitishwa Sheria ya Elimu, na shule nyingi za mashirika ya dini zikawa mali ya taifa. Wapo waliolia. Lakini tuseme haki: kabla ya hapo mtoto wa Kiislamu aliyetaka sekondari mara nyingi alikuta mlango wenye msalaba juu yake, naye hakujua kama akiingia atatoka na jina lake. Baada ya hapo binti wa Tunduru na binti wa Mbinga walilala kwenye bweni moja, mmoja akifunga Ramadhani, mwingine Kwaresima. Shule hizo zimetupa walimu, waganga na mahakimu wa dini zote. Bweni likabaki, na mlango ukapanuka.

Kisha wasichana wakawa wengi kuliko vitanda. Miaka ya 2000 Serikali na wananchi tukajenga sekondari za kata. Tuliyabeba mawe wenyewe, mnakumbuka, kila kaya na zamu yake. Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne, na 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita. Novemba 2021 wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wakaruhusiwa kurudi shuleni. Hayo yote ni mema, na tunashukuru. Lakini sekondari ya kata ilijengwa kwa hesabu ya madarasa. Vitanda havikuhesabiwa. Pale pwani mwaka 1860 walianza na kitanda, sisi tukakisahau.

Nyote mnajua kinachotokea milimani. Mtoto anayetoka vijiji vya ng’ambo ya mto anaamka saa kumi ya usiku. Masika mto unajaa, anabaki nyumbani wiki nzima. Mzazi akichoka anampangishia chumba karibu na shule. Vijana wanaita geto. Godoro chini, jiko la mkaa, mahindi na maharage ya wiki mbili kwenye kiroba, mlango wa mabati uliofungwa kwa waya. Msichana wa miaka 14 au 15 amekaa peke yake. Unga ukiisha kabla ya wiki mbili, yupo mtu wa bodaboda mwenye moyo wa kumsaidia. Mvua ikinyesha, yupo wa kumpa lifti. Hatuhitaji kumalizia hadithi hiyo. Kila mmoja wetu ana mpwa au binti wa jirani ambaye hadithi yake iliishia pale. Na mara nyingi tunasema, “Huyu mtoto naye, hakujitunza.” Tulimweka geto, kisha tukamlaumu kwa kukaa geto.

Sasa tufike kwenye la aibu, na tuliseme wenyewe kabla hatujaambiwa. Bweni letu limesimama kwenye linta. Limesimama hapo misimu miwili ya mvua. Msingi ni imara, kuta za tofali za kuchoma zimenyooka, fundi alifanya kazi yake. Kilichokwama ni ahadi. Ukumbini tulipiga makofi kwa ahadi nyingi, na nyingi kati yake hazikufika benki. Baadhi yake ni za wajumbe wa kamati hii inayowasomea. Tulijipima sisi kwanza, na kabla ya kupanda jukwaani kila mjumbe amelipa anachodaiwa. Stakabadhi ziko mezani kwa mweka hazina, karibuni mzikague.

Mwezi uliopita tulikwenda kuangalia jengo. Ndani ya kuta zisizo na paa tulikuta majani yamefika magotini, na kwenye kona moja wasichana wawili wa kidato cha pili wameweka matofali kama meza, wanasoma. Tuliwauliza kwa nini pale. Wakasema pale hakuna anayewasumbua. Kuta peke yake, bila bati, bila dirisha, tayari zilikuwa zinawafaa. Tulirudi kwenye gari tukiwa kimya.

Kuna hoja tatu ambazo tumezisikia kwenye vikao, nasi tunazijibu mbele yenu.

Ya kwanza: kwa nini tusimwachie Serikali? Serikali imetupatia walimu na madarasa, na Halmashauri imeahidi kuchonga vitanda tukishaezeka. Jengo lisilo na paa halipokei kitanda.

Ya pili: kwa nini wasichana, na wavulana je? Wavulana nao wanatembea mbali, ni kweli. Lakini mvulana akikaa geto akashindwa, mwakani anarudi darasani. Msichana harudi kirahisi, hata sheria ikimruhusu, kwa sababu ana mtoto mgongoni na hana wa kumwachia. Tutaanza na mwenye hatari kubwa, kisha tutageukia wavulana. Limo kwenye muhtasari.

Ya tatu, iliyosemwa kwa upole na mzee wetu mmoja Mwislamu: bweni hili halitakuwa la kanisa kwa mlango wa nyuma? Mzee wetu, hapana. Litakuwa la shule ya umma. Matroni ataajiriwa kwa sifa zake. Patakuwa na chumba kitakachotumika kwa sala kwa zamu, na jikoni litajua Ramadhani. Tunachoazima kwa masista ni nidhamu ya bweni: kengele, taa ya kusomea hadi saa nne, mtu mzima wa kike anayelala jengo hilo hilo, na daftari la anayetoka na anayeingia. Dini ya mtoto atatoka nayo kwao na atarudi nayo kwao.

Kazi iliyobaki ni hii: mbao na mabati ya kuezekea, madirisha yenye nondo, milango, sakafu, vyoo na mabafu ya ndani, tanki la maji ya mvua, na chumba cha matroni. Mchanganuo wa fundi umechapishwa ukurasa unaofuata, kila kitu na bei yake. Mwenye uwezo wa bati moja, achukue bati moja. Mwenye uwezo wa dirisha, jina la mama yake litaandikwa chini ya dirisha hilo. Walioko nyumbani wanaweza kutoa kahawa msimu ukianza, chama cha msingi kitaipokea na kuipima. Na safari hii tunaomba tusitaje ahadi kubwa. Toeni kilichopo. Tunapendelea bati mkononi kuliko mabati mia kwenye makofi.

Mama zetu waliolelewa na masista wanatuambia kwamba sauti wanayoikumbuka kuliko zote ni ya funguo. Usiku, baada ya sala, sista alipita na taa, akihesabu vitanda kwa kidole, kisha walisikia funguo zikigonga mlangoni. Kuna waliouona mlango ule kama gereza. Wengi wanasema ndio usiku wao wa kwanza maishani kulala bila kusikiliza nani anakuja.

Ndugu zetu, wale wasichana wawili wa kidato cha pili mwakani wataingia kidato cha tatu. Masika itafika tena. Tuwaezekee kabla ya hapo.

 Meza ya mweka hazina iko wazi.